Kijana wa filamu ya Gede, usiutupie huo muziki bado

Usiutupie. Kama umeshautupia, nenda ukaufute kwanza, ndipo urudi kusoma.

Umesema uko Malindi, umemaliza muziki wa sinthesaiza, kile kinanda cha umeme, wa filamu fupi ya binamu yako, ile ya mzuka wa magofu ya Gede, na leo usiku unataka kuuweka mtandaoni "bila picha, ili watu watoe maoni ya kweli". Halafu ukauliza mengine chungu nzima: programu ipi ya bure, kompyuta yako itahimili, binamu umdai kiasi gani. Hayo yatasubiri. Mimi nimekwama kwenye maneno mawili tu: bila picha.

Nani kakwambia? Kama ni yule jamaa anayeuza kozi za video, wa hedifoni shingoni na taa za zambarau nyuma yake, basi tumelizwa na mtu mmoja. Somo lake la kutafuta maoni lilikuwa hivi: muziki mzuri husimama wenyewe, kwa hiyo toa picha, wape watu wasiokujua wausikilize ukiwa peke yake. Ukilisikia linaingia akilini, na kalisema kwa sauti nzuri, maana sauti ndiyo aliyokuwa akiiuza. Kwa albamu, sawa. Muziki wa filamu haukutungwa usimame, umetungwa uegemee. Ukimpa mtu huo peke yake ni kumwonjesha tui bichi kisha umuulize wali umeivaje. Atakujibu tu, watu hawakosi majibu.

Mimi nilitunga kwa ajili ya filamu ya mzee mmoja, fundi wa mashua wa Matondoni, hapa Lamu. Mzee yuko chini ya mashua ambayo haijesha, anachonga kwa tezo, anakalafati kwa pamba, anazungumza polepole kwa sauti ya chini, hana haraka na mtu. Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa karibu haina kitu: sauti mbili ndefu za sinthesaiza, filta (kile kichujio cha kupunguza ukali wa sauti) imefungwa, ngoma hakuna, mahali pengine kimya kabisa. Dairekta aliipenda. Asiyeamini nilikuwa mimi. Nikaona, mbona rahisi hivi, huyu atanilipa kwa sauti mbili? Basi nikafuata somo la bwana zambarau. Nikatoa picha, nikautupia kwenye kundi la maprodyuza na maneno "maoni tafadhali".

Wakanipa. "Besi haipo." "Unaanza lini?" "Tia mdundo hapo katikati." "Uko chini mno, pandisha." Kinachoniuma hadi leo ni kuwa hakuna aliyenidanganya. Kwa walichokisikia, walisema kweli: muziki ulikuwa na tundu katikati. Tundu lile lilikuwa la mzee kuzungumza. Wao wangejuaje? Mzee hawakumwona, hawakumsikia, nilikuwa nimemtoa mwenyewe kwa mkono wangu. Basi nikaliziba. Nikatia besi, nikafungua filta, nikaingiza mdundo, nikapandisha. Laiki zikamiminika. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi niliazimwa na ndoo.

Filamu ikaonyeshwa Mkunguni, uwanja wa mjini Lamu, shuka limetundikwa mbele ya Ngome, watu wa Matondoni wamekuja na wajukuu zao. Mzee anafika pale anapotaja tezo yake atamwachia nani. Midomo inakwenda, na muziki wangu unakwenda juu yake. Mama mmoja nyuma akapaza sauti: "Hebu zimani hicho kinanda, tumsikie babu!" Watu wakaangua kicheko. Na mimi nikacheka, tena kwa nguvu, kwa sababu wengi hawakujua mwenye kinanda ni nani. Karibu yangu alifungwa punda. Peke yake ndiye aliyekaa kimya, namheshimu mpaka kesho.

Dairekta hakunigombeza, na ingekuwa afadhali angenigombeza. Akanunua muziki uliokwisha tengenezwa, akauweka mahali pa wangu, jina langu likaondolewa na nusu ya malipo iliyobaki ikalifuata. Utauliza, si ungemrudishia rasimu ya kwanza? Ningempa nini, nami kila badiliko nililihifadhi juu ya faili lile lile? Usicheke. Fungua folda yako wewe utazame.

Sasa sikiliza kwa nini ilikuwa lazima iharibike, maana si bahati mbaya. Maneno ya mtu hueleweka zaidi katika masafa ya kati, tuseme kati ya hertz (mitetemo kwa sekunde) 1,000 na 4,000, humo ndimo konsonanti nyingi zinamojulikana. Ukifungua filta ya sinthesaiza ili sauti "ing'ae", unajaza humo humo. Ukimsikiliza mzee peke yake, anasikika. Ukiusikiliza muziki peke yake, mtamu. Viweke pamoja, mmoja anamla mwenzake, na anayeliwa ni yule asiyeweza kupandishwa bila kukwaruza, yaani mzee.

Na ile besi? Wengi wa walionijibu walikuwa wanasikiliza kwa simu. Spika ndogo ya simu sauti nzito haiwezi kuitoa, kwa hiyo besi ilikuwepo tangu mwanzo, ila simu zao ziliimeza. Mimi nikaongeza, wakasema bado, nikaongeza tena. Ilipofika Mkunguni kwenye yale maspika ya harusi ikatoka yote kwa pamoja. Hilo la "pandisha" nalo ni mtego wa sikio: ukimpa mtu sauti ile ile mara mbili, mara ya pili imepanda kidogo, atakwambia ya pili ndiyo nzuri. Na ukiupandisha sana, YouTube huushusha yenyewe hadi karibu -14 kwa LUFS, kipimo cha ukubwa wa sauti, ukabaki na muziki uliobanwa na hujapata hata hiyo kelele uliyoitafuta.

Watu walioijua kazi hii hawakuvitenganisha. Vangelis, mtunzi wa Ugiriki, alipotunga muziki wa filamu ya Blade Runner ya 1982 alikuwa studioni kwake London, picha zinakwenda mbele yake na mikono iko kwenye sinthesaiza yake, Yamaha CS-80. Dairekta John Carpenter yeye amesimulia kwamba alimwonyesha ofisa mmoja wa studio filamu yake ya kutisha, Halloween, kabla haijatiwa muziki, na yule ofisa hakutishika hata chembe. Kisha akaitungia muziki kwa sinthesaiza, na tangu 1978 watu wanaiangalia huku wamejificha nyuma ya mto. Kama filamu yake haikutisha bila muziki, wewe unatarajiaje muziki wa mzuka utishe bila mzuka?

Basi fanya hivi. Kata kipande kifupi, kiwe na picha, na maneno ya waigizaji, na sauti za mahali, hata zile za kima wa msitu wa Gede ulizozirekodi kwa simu. Usiulize "mnaonaje". Uliza mawili: ni sekunde ya ngapi uligundua kuna muziki, na huyu mtu kasema nini? Akikuandikia sekunde ambayo ulitaka muziki usikike, vizuri. Akikuandikia sekunde ambayo dada wa kwenye filamu anamwita nduguye gizani, basi hapo umemkatiza, funga filta au nyamaza kabisa. Akishindwa kurudia maneno, usibishane naye wala usimwambie avae hedifoni nzuri. Kupenda au kutopenda kwake hakukuhusu, hata akikupa nyota zote za mbinguni.

Na wape watu wasiotengeneza muziki. Prodyuza atakwambia sauti hiyo umeitoa kwenye programu gani. Mama yako atakwambia mtoto alisema "usifungue mlango", au hakusikia.

Kuna jambo moja sikuwasikiliza, alhamdulillah. Mmoja wao aliniandikia kwamba noti yangu ya tatu "imetoka nje". Haikutoka. Nilikuwa kwenye maqamu ya Rast, mpangilio mmoja wa noti za muziki wa Kiarabu, na noti hiyo inakaa takriban senti 350 juu ya ya kwanza (senti 100 ni hatua ya funguo moja ya piano hadi ya jirani yake), katikati ya zile za piano zilizoko 300 na 400. Mtu aliyelelewa na udi na taarabu anaisikia iko nyumbani kwake. Kama unataka Gede isikike ya kwetu, isiwe jumba la mizuka la Ulaya, jaribu. Surge XT, sinthesaiza ya kwenye kompyuta, ni ya bure na inasoma mafaili ya kubadili mpangilio wa noti. Eti umeuliza programu ya bure, basi ndiyo hiyo, nimejibu.

Kingine: mradi uwe wa hertz 48,000, si 44,100, yaani kompyuta ichukue vipimo vya sauti mara hizo kwa sekunde, maana ndiyo kawaida ya video. Na kila siku hifadhi faili jipya kwa jina jipya. Kompyuta yako ulisema ina nini sijui, nimeshasahau na sirudi juu kusoma. Bei mwachie binamu aseme kwanza.

Kata ile dakika mzuka anatokea kwenye mlango wa kasri, iache na picha, weka saa ya sekunde pembeni ya skrini, uilete hapa. Ukiandika "maoni tafadhali" mimi sifungui.