Maswali ya Wasomaji: Kusoma Mahame Kwenye Picha za Laida

Swali: Nina kigunduzi cha metali, na naambiwa misitu ya huku zamani ilikuwa mashamba ya watu. Nimepakua ramani ya mwinuko isiyolipiwa, nikaiwekea vivuli kwenye QGIS (programu ya ramani ya kompyuta), lakini sioni hata shimo moja la nyumba. Nakosea wapi? *Msomaji, Worcester, Massachusetts*

Jibu: Uliyoambiwa ni kweli. Katika karne ya 19 sehemu kubwa ya New England, yaani majimbo ya kaskazini-mashariki mwa Marekani, ilikuwa imefyekwa kwa kilimo na malisho. Wenyewe walipohamia mijini na majimbo ya magharibi, msitu ukarudi juu ya mahame yao. Laida ni kipimo cha umbali kwa leza. Ndege iliyoibeba hurusha mapigo ya leza; baadhi hupenya katikati ya matawi na kugonga udongo, na kompyuta ikishaondoa miti unabaki na ardhi tupu. Mwaka 2014 Katharine Johnson na William Ouimet wa Chuo Kikuu cha Connecticut walionyesha kwa njia hii kuta za mawe, misingi ya nyumba na barabara zilizosahaulika chini ya miti.

Inaelekea umechukua faili isiyofaa. USGS, idara ya jiolojia ya Marekani, kupitia mradi wake wa ramani za mwinuko uitwao 3DEP, hutoa ramani zenye pikseli za ukubwa mbalimbali. Moja ina pikseli ya karibu mita 10, kwa hiyo shimo la nyumba lenye upana wa mita 7 linamezwa lote. Tena hiyo imepimwa kwa nyuzi za longitudo na latitudo huku mwinuko ukiwa kwa mita, na ukiitia vivuli bila kuibadili inatoka weusi na weupe usiosomeka. Chukua ya mita 1. Hiyo huja katika UTM, mfumo unaopima mahali kwa mita (Worcester ni kanda ya 19), na haina tatizo hilo.

Sasa weka mwanga: mwelekeo nyuzi 315, yaani kaskazini-magharibi. Urefu wa jua ambao programu hukupa ni nyuzi 45. Ushushe hadi 25 au 30, ili vivuli virefuke na kuta fupi zijitokeze. Ukuta unaokwenda sambamba na mwanga hupotea kabisa, kwa hiyo tengeneza picha ya pili kwa nyuzi 45 za mwelekeo, kisha weka juu yake ramani ya mteremko yenye uwazi wa nusu. Mwanga usitoke kusini. Macho yamezoea mwanga utokao juu ya picha, na ukiugeuza, mashimo yote yanaonekana matuta. Kwa mwanga wa 315, shimo lina giza ndani upande wa kaskazini-magharibi na mng'ao upande wa kusini-mashariki. Tuta ni kinyume chake.

Usianze na shimo, anza na shamba zima. Tafuta kwanza kuta: mistari myembamba inayokutana kwa pembe. Pale mistari miwili inapokwenda sambamba mwendo mrefu, ikiachana mita 10 hivi, hapo palikuwa na barabara au njia ya ng'ombe. Ifuate ukikagua pande zote mbili. Shimo la nyumba, yaani chumba cha chini kilichobaki baada ya nyumba kuanguka, ni la mraba au mstatili, mara nyingi mita 5 hadi 10 kila upande. Likiwa na nundu ndani, hayo huenda ni mawe ya dohani lililoporomoka. Jirani yake angalia mstatili mkubwa zaidi uliochongwa ubavuni mwa mteremko: banda la mifugo. Barabara, nyumba na banda vikikaa pamoja, una hame. Shimo peke yake msituni halitoshi kukutoa nyumbani.

Swali: Nikifika kwenye mashimo niliyoyaona, mengi si nyumba. Nayatofautishaje kabla ya kwenda? *Msomaji, Hartford, Connecticut*

Jibu: Chora mstari juu ya shimo kwa zana ya wasifu wa mwinuko. Shimo la nyumba hutoa kuta zilizosimama na sakafu karibu bapa. Mti uliong'oka huacha kishimo cha mita 2 au 3, cha mviringo, chenye tuta upande mmoja tu. Kwenu Connecticut kinachodanganya zaidi ni tanuri za mkaa: duara bapa, upana wa mita 7 hadi 12, lililosawazishwa kwenye mteremko, mara nyingi mengi mlima mmoja. Ukichimba hapo utakuta udongo mweusi na vipande vya mkaa. Ukiona ardhi imegawanyika pembetatu bapa, ujue vichaka vilizuia leza na programu imeunganisha nukta chache zilizobaki. Usiamini umbo lolote pale.

Kisha linganisha na ramani za kaunti za miaka ya 1850 na 1860, ambazo nyingi zina nukta kwa kila nyumba na jina la mwenyewe.

Ukifika, simu chini ya miti inaweza kukosea mita 5 hadi 10, basi jielekeze kwa kona ya ukuta. Usipite na kigunduzi shimoni: misumari itakuziba masikio. Pitia uwanja kati ya mlango na barabara, polepole, kwa koili ndogo. Na tembea na fimbo ukigonga mbele yako. Kisima cha upana wa mita 1 hakionekani kwenye laida, na mbao zilizokifunika zimeshaoza.

Ruhusa ya mwenye ardhi iwe ya maandishi. Katika ardhi ya serikali kuu, sheria ya ARPA ya 1979 inakataza kuchimba mabaki ya kale yaliyozidi miaka 100 bila kibali, na katika hifadhi za taifa hata kuingia na kigunduzi ni kosa.

Swali: Naweza kufanya hivi kwenye magofu ya Tongoni? *Msomaji, Tanga*

Jibu: Hapana. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inataka leseni kwa anayechimba kutafuta mabaki. Picha za droni za kawaida nazo hazitakufaa penye miti, kwa sababu kamera huona majani ya juu na si ardhi. Ukikuta kigae au sarafu imejitokeza juu ya ardhi, kiache palepale, kipige picha pamoja na kitu cha kupimia ukubwa, andika mahali, kisha toa taarifa kwa Mambo ya Kale.