Maswali ya Mafundi: PLC na Kompyuta Zinapokosa Kuwasiliana

Barua nne zimechaguliwa kwa toleo hili, na zote zinahusu vidhibiti vya mashine viwandani, yaani PLC, pamoja na kebo na kompyuta zinazounganishwa navyo. Katika mbili kati yake PLC imeshaanza kushukiwa kuwa ndiyo mbovu. Ninaomba hukumu hiyo icheleweshwe hadi njia nzima ya mawasiliano ipimwe kipande kwa kipande, kwa sababu PLC ni kifaa kigumu kufa, ilhali kebo, adapta na mipangilio ya kompyuta hukosewa kila siku.

SWALI: Mtaalamu, salaam. Mashine yetu ya kufungasha inaendeshwa na PLC ya zamani yenye soketi ya pini tisa. Kompyuta tuliyokuwa tukiitumia iliharibika, na mpya haina soketi ya RS-232 (ile ya zamani ya pini tisa ya kutuma na kupokea data), hivyo tulinunua adapta ya USB na kebo ya kawaida ya pini tisa. Programu inasema haipati jibu lolote. Mashine yenyewe inafanya kazi bila shida. Mwenzangu anasema soketi ya PLC imeungua na tuagize PLC nyingine. Je, yuko sahihi?
— Fundi wa zamu

JIBU: Ndugu fundi, usiagize chochote bado, na kabla ya jambo jingine lolote chomoa hiyo kebo.

Nasema hivyo kwa sababu umbo la soketi halikuambii ni umeme wa aina gani uliomo ndani yake. Kwenye kompyuta, soketi ya pini tisa ni ya RS-232: pini 2 hupokea, pini 3 hutuma, pini 5 ni waya wa pamoja, na pini 7 hutoa ishara ya kuomba kutuma. Kwenye PLC kama Siemens S7-200, soketi yenye umbo lilelile ni ya RS-485, kiwango kingine cha mawasiliano: data hupita katika pini 3 na 8, pini 7 ina volti 24 na pini 2 ni njia ya kurudi ya volti hizo. Kebo ya kawaida inayounganisha kila pini na mwenzake itapeleka volti 24 moja kwa moja kwenye pini ya adapta iliyotengenezwa kutoa umeme, si kupokea, na adapta inaweza kufa papo hapo. PLC nyingine, kama Mitsubishi za jamii ya FX, hutumia soketi ya mviringo yenye pini nane na umeme wa RS-422, kwa hiyo nazo huhitaji kebo yenye saketi ya kugeuza ndani yake. Tafuta mwongozo wa PLC yako, uone mchoro wa pini, na ununue kebo iliyokusudiwa kwa modeli hiyo hasa. Hukutaja modeli, lakini nadhani nusu ya tatizo lako iko hapa.

Sasa tuseme mchoro umethibitisha kwamba soketi yako ni ya RS-232 na kebo ni sahihi. Mashine inafanya kazi, maana yake kichakataji, kumbukumbu na ugavi wa umeme wa PLC ni vizima, na kinachoshukiwa ni njia ya mawasiliano peke yake. Anza upande wa kompyuta, kwa kuwa kuupima hakugharimu kitu. Fungua orodha ya vifaa ya Windows uone adapta imepewa namba gani ya COM, yaani namba ambayo programu huitumia kuifikia. Namba hiyo inaweza kubadilika ukiichomeka adapta katika tundu jingine la USB, na programu nyingi za zamani haziwezi kuchagua zaidi ya COM4, kwa hiyo ukikuta COM11 ibadilishe kwenye mipangilio ya juu ya adapta iwe namba ndogo ambayo haitumiki. Hakikisha pia kwamba hakuna programu nyingine iliyoishika COM hiyo, kwani Windows huruhusu programu moja tu kwa wakati mmoja, na mara nyingine anayeishika ni programu yako mwenyewe iliyofungwa vibaya na bado inaendelea kufanya kazi kwa siri.

Baada ya hapo fanya jaribio ambalo ningependa kila fundi alijue kwa moyo. Chomoa kebo kwenye adapta, unganisha pini 2 na 3 za adapta kwa kipande kidogo cha waya, fungua programu ya kutuma herufi kama PuTTY, zima udhibiti wa mtiririko (flow control), kisha andika herufi zozote. Zikijitokeza kwenye skrini, adapta na draiva yake ni nzima, kwa sababu kilichotumwa kwa pini 3 kimerudi kwa pini 2. Toa waya na uandike tena: ikiwa herufi bado zinaonekana, programu ndiyo inayojionyesha maandishi yake yenyewe na jaribio halikuthibitisha kitu. Jaribio likifaulu, rudisha kebo na ulirudie kwenye ncha ya mbali ya kebo, ukiunganisha pini mbili za data. Likifaulu kwenye adapta na kushindwa kwenye ncha, waya umekatika ndani ya kebo, mara nyingi pale inapoingia kwenye plagi. Jaribio hili la ncha ya mbali lihusu kebo ya waya mtupu tu. Kebo yenye saketi ndani haiwezi kupimwa hivyo.

Ukiwa na multimeta, pima kati ya pini 3 na pini 5 ya adapta wakati hakuna kinachotumwa. Adapta nzima huonyesha volti hasi, kwa kawaida kati ya 5 na 12. Kiwango cha RS-232 kinahesabu ishara kuwa halali kati ya volti 3 na 15, chanya au hasi, hivyo kipimo kilichokaribia sifuri kinaitia adapta shaka. Kumbuka pia kwamba baadhi ya kebo za zamani za kuprogramu hazina chanzo chao cha umeme, bali huiendesha saketi yao kwa umeme mdogo unaotoka kwenye pini za ishara za kompyuta, na adapta dhaifu haiwezi kuzilisha.

Kinachobaki ni mipangilio. PLC na kompyuta zikitofautiana katika kasi, idadi ya biti, pariti (biti ya kukagua makosa) au biti ya kusimamia (stop bit, inayofunga kila herufi), hazitaelewana hata kama waya zote ni nzima. PLC za Delta za jamii ya DVP hutoka kiwandani zikiwa na kasi ya 9600, biti 7, pariti shufwa na biti 1 ya kusimamia. Za Omron zinazotumia Host Link, lugha ya mawasiliano ya kampuni hiyo, huwa na 9600, biti 7, pariti shufwa na biti 2. Modbus RTU, lugha ya mawasiliano inayotumiwa na vifaa vya kampuni nyingi, hudai biti 8 daima. Ikiwa adapta ina taa mbili, ziangalie: taa ya kutuma ikiwaka na ya kupokea ikakaa kimya, PLC haisikii au haielewi, zote mbili zikiwaka huku programu ikilalamika, jibu linafika lakini linasomwa vibaya au linachelewa. Kuhusu kuchelewa, adapta zenye chipu ya FTDI kwa kawaida husubiri milisekunde 16 kabla ya kukabidhi data chache zilizopokewa, na programu ya zamani isiyo na subira inaweza kukata tamaa. Muda huo unaweza kupunguzwa hadi milisekunde 1 kwenye mipangilio ya draiva.

Siku mawasiliano yatakapopatikana, soma programu iliyomo ndani ya PLC na uihifadhi kwenye kompyuta kabla ya kugusa kitu kingine. Programu hizi huuliza kama unataka kusoma au kuandika, na mtu mwenye haraka akichagua kuandika faili tupu, mashine iliyokuwa nzima inasimama na miaka ya kazi inafutika.

SWALI: Tuna PLC moja inayozungumza na inveta sita (vifaa vya kudhibiti kasi ya mota) kwa Modbus kupitia RS-485. Asubuhi kabla ya mota kuwashwa mawasiliano ni mazuri. Mota zikianza, inveta mbili au tatu hupotea kwenye skrini, kisha hurudi. Tumebadilisha kadi ya mawasiliano ya PLC, hali ni ileile. Kebo imepita kwenye trei moja na nyaya za mota.
— Msimamizi wa matengenezo

JIBU: Sentensi yako ya mwisho ina jibu kubwa, ingawa si lote. Waya zinazotoka kwenye inveta kwenda kwenye mota hubeba umeme unaokatwa na kuwashwa maelfu ya mara kwa sekunde, na kila badiliko la ghafla hurushia waya za jirani kelele. RS-485 imebuniwa kuhimili kelele, kwa kuwa kipokezi husoma tofauti ya volti kati ya waya mbili na kuridhika na tofauti ya volti 0.2 tu. Lakini uhimilivu huo unategemea waya mbili zilizosokotwa pamoja ili kelele izipate sawasawa na kufutika. Ikiwa kebo yenu ni ya waya zilizonyooka sambamba, ibadilisheni. Itengeni na nyaya za mota kwa sentimita 20 au zaidi, na zinapolazimika kukutana zikatane kwa pembe mraba.

Umbali nao una kikomo, mita 1200 kwa kasi ndogo, ingawa kiwandani kosa la mpangilio hutangulia kosa la umbali. Kebo ipite kutoka kifaa kimoja hadi kingine kwa mstari mmoja, bila matawi marefu, na iwe na rezista ya omu 120 kwenye kila moja ya ncha mbili za mwisho na si penginepo. Zimeni umeme wa vifaa vyote, kisha pimeni ukinzani kati ya waya A na B, yaani zile mbili za data. Mnatarajia karibu omu 60, au pungufu kidogo. Mkipata 120, rezista moja imekosekana. Mkipata 40, kuna ya tatu, mara nyingi swichi ndogo ndani ya inveta ya katikati iliyowashwa na mtu aliyedhani anasaidia. Napenda kipimo hiki kuliko vingine vyote vya RS-485, kwa sababu hakihitaji programu wala ubingwa na kinafichua makosa ambayo kadi mpya haiwezi kuyaponya.

Angalieni pia waya wa tatu, ule wa pamoja. Wengi huuacha wakiamini kwamba mawasiliano ya waya mbili yanahitaji waya mbili tu. Vipokezi vya RS-485 huvumilia tofauti ya volti 7 hasi hadi 12 chanya kati ya ardhi ya kifaa kimoja na kingine, na mota kubwa zikianza, tofauti kati ya makabati inaweza kuvuka hapo. Waya wa pamoja, au kigeuzi chenye kutenganisha umeme, huondoa hatari hiyo. Wavu wa kinga wa kebo uunganishwe na ardhi kama mwongozo wa inveta unavyoagiza, usiachwe ukining'inia bila kuguswa na chochote.

Kama yote hayo yamekamilika na bado mnapoteza inveta, gawanyeni mstari: ondoeni tatu za mwisho, hamisheni rezista ya mwisho kwenye ya tatu, na muone nusu ipi inaumwa. Shusheni pia kasi kutoka 19200 hadi 9600, kwani kwa udhibiti wa kasi ya mota hamtaona tofauti.

SWALI: Nimeunganisha kompyuta na PLC kwa kebo ya Ethernet. Taa za soketi zinawaka pande zote mbili. Anwani ya PLC ni 192.168.0.1, na kompyuta yangu inaonyesha 169.254 na namba nyingine mbili. Programu haioni PLC.
— Mwanafunzi wa ufundi

JIBU: Anwani inayoanza na 169.254 ni ile ambayo Windows hujipa yenyewe inapokosa wa kuipa anwani. Mpe mtandao wa waya wa kompyuta yako anwani ya kudumu, kwa mfano 192.168.0.50, na maski 255.255.255.0, kisha tumia amri ya ping kuiita PLC. Zima Wi-Fi wakati unajaribu, kwa sababu ikiwa nayo iko kwenye 192.168.0, kompyuta inaweza kuituma ping kwa njia isiyo sahihi.

PLC ikijibu ping na programu bado haiioni, angalia kadi ya mtandao iliyochaguliwa ndani ya programu, kisha faiwali ya Windows. Modbus TCP hupita katika poti 502, Siemens S7 katika 102, na EtherNet/IP katika 44818. Mwisho, ikiwa mmeunganishwa kupitia swichi ya mtandao, chomoa kebo ya PLC na urudie ping huku kompyuta ikibaki kwenye swichi hiyo: jibu likija, kuna kifaa kingine chenye anwani ileile.

SWALI: Taa ya betri ya PLC yetu inawaka. Tumepanga kubadilisha betri wakati kiwanda kitakapozimwa kwa mapumziko. Kuna la kuzingatia?
— Fundi umeme

JIBU: Badilisheni mpango huo leo. Katika PLC nyingi za zamani programu imo katika kumbukumbu inayohitaji umeme muda wote, na betri ndiyo inayoilinda kabati likizimwa. Betri iliyochoka na umeme uliozimwa kwa siku kadhaa vikikutana, mtarudi mkute PLC tupu. Hata katika zile zinazohifadhi programu bila betri, saa na hesabu zilizotunzwa zinaweza kupotea.

Kwanza hifadhini programu kwenye kompyuta. Kisha, ikiwa mwongozo unaruhusu, badilisheni betri PLC ikiwa imewashwa, kwa uangalifu unaostahili kabati lenye umeme. Mwongozo ukidai izimwe, utataja muda ambao kapasita ya ndani hushikilia kumbukumbu, na muda huo usivukwe. Betri nyingi za namna hii ni za lithiamu za volti 3.6 zisizochajiwa, kwa hiyo pimeni mpya kabla ya kuifunga, mkague upande wa chanya kwenye plagi yake, na muandike tarehe juu yake. Baadaye linganisheni programu iliyomo ndani ya PLC na ile mliyoihifadhi. Programu nyingi za kuprogramu zina amri ya kufanya hivyo, na zikilingana mnaweza kukizima kiwanda.