Gundi ya nati kubaki mbichi pembeni haimaanishi ni feki

Mkuu umesema umefunga nati za sproketi ya nyuma ya pikipiki, lile gurudumu la meno linalovutwa na cheni, kwa gundi ya bluu ya kuzuia nati zisilegee, kesho yake ukapitisha kidole pembeni ya nati ukakuta bado mbichi, ukajua umeuziwa feki. Kabla hujaenda kugombana na mwenye duka nisome kwanza, maana hilo kosa mimi nilishalifanya, tena kwa pikipiki ya mteja, na muuzaji wa watu nikamsema vibaya wakati hana hatia yoyote.

Hii gundi haikauki. Rangi inakauka, gundi ya mbao inakauka, ile maji yake yanapotelea hewani inabaki ngumu. Hii haina cha kupotea hewani. Ni kimiminika kinachosubiri mambo mawili yakutane ndo kigeuke plastiki ngumu: kikose hewa na kiguse chuma. Oksijeni ikiwepo inaizuia, kila vile vipande vyake vidogo vikitaka kuungana oksijeni inavikatisha njiani. Ukikaza nati, pale katikati ya meno ya bolti na meno ya nati gundi inajaa, hewa haipo tena, na chuma chenyewe kinaianzisha kazi, inaganda. Sasa lile tone lililotokea nje limekaa kwenye hewa, litabaki bichi leo, kesho na wiki ijayo, lifute tu na kitambaa. Ukitaka kujua kama imeshika chukua spana, kidole hakitakuambia kitu.

Na hapohapo utaelewa kwa nini chupa mpya unaikuta imejaa nusu, watu wengi wanadhani wamepunjwa. Ile hewa ndani ya chupa ndo inayoiweka hai, na plastiki yenyewe ya chupa ni laini ya aina inayopitisha oksijeni kidogokidogo. Zamani huko Marekani kampuni ya General Electric walikuwa na dawa ya namna hii ila ilibidi ipulizwe hewa muda wote isigandie kwenye chombo, mpaka profesa wa kemia Vernon Krieble wa chuo cha Trinity pale Hartford akaanza kuishughulikia mwaka 1953 akapata ya kukaa kwenye chupa ya kawaida, na 1956 ikaingia sokoni kwa jina la Loctite. Kwa hiyo usiihamishie kwenye kikopo cha bati, usijaze chupa moja mpaka juu ukaziba, na usichovye bolti ndani ya chupa. Mdomo wa chupa usigusane na chuma, na iliyomwagika usiirudishe. Kijana wangu mmoja alikuwa anachovya bolti, baada ya muda chupa nzima ikawa nzito kama uji uliolala.

Ila kuna wakati kweli haigandi, na hapa ndo nataka nikae kidogo maana ndo kilichonikuta.

Nimefanya kazi Dar miaka kadhaa, kule nilikuwa nikipaka asubuhi jioni mteja anaondoka na hakuna aliyewahi kurudi. Nikahamia Njombe. Mwezi wa saba, baridi ile mnayoijua, nikabadilisha sproketi jioni, nati mpya zile za rangi ya dhahabu, nikapaka gundi ileile, asubuhi na mapema nikamkabidhi mtu pikipiki yake. Siku ya tatu akarudi nati mbili hazipo na ya tatu inazunguka kwa mkono. Nilishtuka sana maana ule ni mguu wa nyuma, cheni ikijikunja pale mtu anaumia. Nikaifungua ile iliyobaki, gundi ndani bado maji kabisa. Ndo nikaenda kumlaumu muuza duka.

Kilichonifungua macho ni jaribio nililofanya mwenyewe baadaye. Nilichukua bolti nyeusi ya chuma kitupu, nyingine ya zinki, nyingine ya stenlesi, na nati moja ya shaba ya njano, zote nikazisafisha, nikapaka gundi ya chupa ileile niliyoiita feki, nikaziacha juu ya meza. Ile ya shaba sikumaliza hata kunywa chai ilikuwa imeshika. Ya chuma kitupu ikafuata. Ya zinki na ya stenlesi mpaka jioni bado zilikuwa zinazunguka kwa vidole. Chupa moja, siku moja, meza moja. Yaani siyo kila chuma kinaianzisha sawa. Shaba na chuma cha kawaida vinaisukuma haraka, lakini zinki, stenlesi, kromu na alumini iliyotiwa rangi vinaisukuma polepole sana, na hata ikiganda inaweza isiwe na nguvu ileile. Na nati nyingi mpya za pikipiki zimepakwa zinki, hizo zinazong'aa nyeupe au dhahabu.

Ongeza baridi. Yale maandishi kwenye karatasi yake kwamba inaganda kamili kwa masaa 24 yanahesabiwa kwa joto la chumba, nyuzi 22 hivi. Usiku wa Njombe mwezi wa saba haufiki hapo hata nusu, kwa hiyo mambo yanajivuta. Ongeza na oili, maana nati mpya inakuja na mafuta yake ya kuzuia kutu na habu ya zamani, kile kitovu cha gurudumu sproketi inapofungwa, imejaa grisi ya cheni. Ongeza na meno ya bolti yaliyolika, nafasi ikiwa kubwa gundi ya katikati inakuwa mbali na chuma. Mimi siku ile nilikuwa na karibu yote kwa pamoja halafu nikampa mtu chombo alfajiri.

Sasa hivi nafanya hivi. Nasugua meno ya bolti na nati kwa brashi ya waya, naosha kwa asetoni au ile dawa ya kusafishia breki, petroli sitaki maana inaacha mafuta, naacha ikauke kabisa. Kama ni zinki au stenlesi napuliza kwanza ile dawa ya kuamsha gundi, moja inayojulikana ni Loctite 7649, ndani ina shaba kidogo ndo maana inafanya kazi. Kama huna, tafuta aina ya bluu iliyotengenezwa kuvumilia vyuma hivyo na mafuta kidogo, kama Loctite 243. Napaka matone mawili matatu pale meno yatakapokutana, siyo kuogesha bolti nzima. Kama tundu halijatoboka upande wa pili natia gundi chini ya tundu, kwa sababu ukipaka kwenye bolti tu hewa ikikosa njia inairudisha gundi nje. Nakaza mara moja kwa nguvu yake na sirudi kuichezea, ukiizungusha ikiwa imeanza kushika unaikata. Kipindi cha baridi chombo kinalala ndani siku nzima, mteja akiwa na haraka namwambia ukweli.

Supa gluu isikudanganye kuwa ni mbadala, ile inagandishwa na unyevunyevu, ni kitu kingine. Gundi nyekundu, ile kali kuliko ya bluu, usiiweke hapo, kuitoa utahitaji moto wa kufika karibu nyuzi 250 na sili za bearingi zitaungua. Na isiguse plastiki za pikipiki, nimeshaona kava la taa limepasuka nyufa kutokana na tone lililochuruzika.

Kwa hiyo yako, mkuu, chukua spana ujaribu nati moja. Ikikataa ikataka nguvu kuliko uliyokazia, iache, imeshika. Ikilegea kirahisi ifungue uangalie meno: ukikuta unga au magamba meupe ilikuwa imeganda na wewe ndo umeikata sasa hivi, ukikuta maji haikuganda, safisha zote nne uanze upya. Na zile bati za kukunja zinazokaa chini ya nati usizitupe, zikunje vilevile hata kama gundi ipo.