Shangazi, muda wa kuchora nautoa wapi?

*Shangazi, shikamoo. Nina watoto wawili, nafanya kazi ya uhasibu Kariakoo na nafika nyumbani Mbagala saa moja na nusu usiku. Nachora kwa rangi ya mafuta ya kopo, lakini ubao wa mwisho una miezi minne haujaisha. Nilipakua programu ya ratiba, nikajaza kazi 12 kwa siku, nikaishia kuchoka. Mume wangu ananiambia niache. Niache kweli?*
*Mama Wawili, Mbagala*

Marahaba mwanangu, na usiache. Hiyo ratiba ifute leo hii, maana kila kitu kimepata nafasi na uchoraji umeachiwa makombo. Panga ubao kwanza, kazi nyingine zifuate.

Rangi ya mafuta ina jambo linalokufaa sana: inataka kuachwa ikauke. Ukishapaka tabaka moja, lipe usiku kucha na kutwa nzima. Wakati wa masika ongeza siku. Kwa hiyo vinakutosha vipindi vitatu vya nusu saa kwa wiki na asubuhi moja. Jumatatu paka rangi ya chini tu, ubao mzima. Jumatano jaza maumbo makubwa: mwili wa ndege, shina la mti. Ijumaa rudia palipopauka na unyooshe kingo. Kazi hizi mtu aliyechoka anaziweza. Manyoya, macho na vidoti visubiri Jumapili, saa moja hadi saa tatu asubuhi, kwani vinataka mkono uliotulia na mwanga wa jua. Chini ya taa ya njano utachanganya rangi, asubuhi uikute siyo. Wala usipake nene ili umalize haraka: juu itakauka, chini ibaki mbichi, mwisho itajikunja.

Kinachoimaliza nusu saa ni kutafuta kopo na kuhangaika na brashi iliyokauka. Weka boksi moja lenye rangi za wiki hiyo tu, brashi tatu, matambara, na thina kwenye chupa yenye mfuniko. Ukimaliza, osha brashi kwa thina, kisha kwa sabuni na maji. Matambara yaanike nje yakiwa yametandazwa. Yakirundikwa yanaweza kushika moto yenyewe. Madirisha yawe wazi, na thina isikaribie jiko wala watoto.

Muda wenyewe utoe jikoni. Loweka kilo moja ya maharage Jumamosi usiku, chemsha yote Jumapili, gawa mafungu matatu: la Jumatatu kwenye friji, mengine kwenye friza. Jioni hizo utaunga tu. Sare za shule zipige pasi zote siku hiyohiyo. Wengi huteleza hapa: wanaokoa muda Jumapili, Jumatatu wanaumalizia kwenye kufua mapazia. Maharage ya Jumatatu yakiwa tayari, nusu saa ya Jumatatu ni ya ubao.

Baba watoto usimwambie unahitaji muda. Mtajie siku na saa: Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa tatu hadi saa tatu na nusu usiku, awalaze watoto yeye. Simu mwachie pia. Ukikosa Jumatano, usiifidie kwa kukesha Alhamisi. Endelea Ijumaa ulipoishia.

Na ule ubao wa miezi minne, usipake juu yake hivihivi, rangi mpya haitashika vizuri. Upitishe msasa laini mpaka mng'ao upungue, futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, uache ukauke, ndipo uendelee.