Nimeshinda kesi ya ajali, mbona pesa hazitoki?

SWALI: Matatu niliyopanda ilipinduka, nikavunjika mguu. Hakimu aliamuru nilipwe Sh 850,000 pamoja na gharama za kesi. Huu ni mwezi wa saba tangu hukumu itolewe na wakili wangu ananiambia tu kwamba bima wanachelewesha. Kuna jamaa anasema ana mtu ndani ya kampuni hiyo, na nikimpa Sh 60,000 atasukuma faili. Nifanyeje? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Usimpe hata shilingi. Hakuna faili linalongoja kusukumwa, na dhana hiyo ndiyo inayowaponza wengi walioshinda kesi zao kihalali.

Chukua nakala ya hukumu utazame ukurasa wa kwanza. Walioshtakiwa ni mwenye matatu na dereva wake. Kampuni ya bima haimo. Inaingia kupitia kifungu cha 10 cha Sura ya 405, sheria ya bima ya magari, kinachoilazimu kulipa hukumu iliyotolewa dhidi ya mteja wake, mwisho Sh milioni 3. Kwa hiyo dalali wa mahakama hawezi kubisha hodi kwa bima akiwa na hukumu hiyo peke yake. Kwa mwenye matatu anaweza: anaorodhesha mali, anampa siku 7 za kulipa, na mara nyingi mwenye gari mwenyewe ndiye anayekimbia kuibana bima yake. Ikiwa hana mali ya kushikwa, wakili hufungua kesi ya pili dhidi ya bima, ya kuomba mahakama itamke kwamba inawajibika. Humo atahitaji hukumu, abstrakti ya polisi (muhtasari wa ripoti ya ajali) yenye nambari sahihi ya bima, na ushahidi kwamba kampuni iliarifiwa kesi ya kwanza ilipoanza. Barua hiyo ya kuarifu isipopatikana, bima huponyoka. Muulize wakili wako leo kama anayo.

Halafu nenda masjala ya mahakama na nambari ya kesi yako, uombe kulisoma faili. Je, dikrii, yaani hati rasmi ya amri ya hukumu, imetolewa? Gharama zimekadiriwa na cheti chake kipo? Bila karatasi hizo mbili hakuna wa kukulipa, na kuna mafaili yanayolala miezi kwa sababu tu hakuna aliyeziomba. Tazama pia kama kuna amri ya kusitisha utekelezaji. Rufaa ya kwenda Mahakama Kuu hukatwa ndani ya siku 30, na amri ya kusitisha kwa kawaida huja na masharti, kwa mfano pesa ziwekwe katika akaunti ya pamoja ya mawakili wa pande zote mbili kufikia tarehe fulani. Isome tarehe hiyo kwa makini. Ikiwa imepita na pesa hazikuwekwa, huenda amri yenyewe imeshakufa na wakili wako hajashtuka.

Sasa huyo jamaa. Akishapokea pesa zako, kitu cha pili atakacholeta ni hati ya kukiri malipo, pale pa kiasi pakiwa wazi. Ukitia saini umekubali kwamba madai yako yote yamekwisha, kwa kiasi chochote kitakachojazwa baadaye. Watu wametoka na Sh 200,000 mkononi na hukumu ya mara nne ya hizo ikazikwa papo hapo. Hati halali huandikwa jumla kamili: fidia, gharama na riba. Huipitia wakili wako, na nakala hubaki kwako. Hati hiyo yenyewe si malipo, kwa hiyo usikope kwa kuitegemea.

Mabroka hawa hawaanzii kwenye hukumu. Wanaanzia wodini na kwenye kituo cha polisi, wakikusanya abstrakti na vitambulisho vya watu ambao bado wana maumivu. Wanashtaki haraka bila kutafuta rekodi za NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani) kujua gari ni la nani, na hukumu dhidi ya mtu asiye mmiliki hailipiki. Muda wa kushtaki ni miaka 3 tangu siku ya ajali, kwa hiyo hakuna sababu ya kutia saini karatasi yoyote ukiwa kitandani. Anayekujia na faili mwambie akupe jina kamili la wakili, kisha ulitafute katika orodha ya Chama cha Wanasheria cha Kenya uone kama ana cheti cha kufanya kazi mwaka huu.