Nyota tano au alama kwa mia

Mwanangu,

Mbukwa. Swali lako ni dogo: katika mradi wako wa kuhakiki muziki, kila wimbo uupe nyota tano au alama kwa mia? Nimekaa nalo tangu juzi, na kila nikitaka kulijibu linanijia jingine: unasikilizia nini? Kama ni spika ya simu, hizo nyota ziweke mfukoni kwanza. Kispika kile hakitoi sauti nzito. Gitaa la besi linabaki kivuli, na kiki, ile ngoma kubwa ya kukanyaga, inasikika kama mtu anagonga meza. Utaandika kwamba wimbo ni mwepesi, kumbe wepesi ni wa simu. Tafuta hedifoni, hata za kuazima.

Sikiliza mara tatu. Ya kwanza, kalamu iwe mbali. Ya pili, fuata besi na ngoma tu. Hesabu mapigo kwa sekunde 15, zidisha kwa 4, umeshapata mwendo wa wimbo kwa dakika. Ya tatu, nakili maneno yote kwa mkono, kibwagizo nacho, maana hapo ndipo utagundua ubeti wa pili ni ule ule wa kwanza umebadilishiwa shati. Na ukilinganisha nyimbo mbili, sawazisha sauti kwanza. Uliorekodiwa kwa kishindo huonekana bora hata kama si bora. Hata wazoefu hunaswa hapo.

Halafu kila unachosema kiwe na dakika na sekunde. "Sauti yake inagusa moyo" ni porojo. "Dakika ya 2 na sekunde 10 anavuta pumzi katikati ya neno, neno linakatika": huo ni uhakiki, kwa sababu msomaji anaweza kwenda pale pale akasikiliza, akakubishia.

Unajua kwa nini nang'ang'ania. Ni lile gazeti la ukutani la shule, ambalo shangazi yako hakosi kulitaja kila Krismasi. Nilihakiki kaseti ya ilimba, ile ala yetu Wagogo ya vyuma vya kupiga kwa vidole gumba, nikaandika kwa mbwembwe kwamba rekodi ni mbovu, inakwaruza mwanzo hadi mwisho. Shangazi yako akanakili, akaenda kumsomea babu yako. Mzee hakusema kitu. Alileta ilimba yake, akanionyesha tundu kwenye ubao, limefunikwa utando mweupe wa buibui, ule anaofungia mayai. Akautoboa kwa ukucha, akapiga. Vyuma vililia safi kabisa, na wimbo ukawa kama chai isiyo na tangawizi. Akabandika utando mwingine, mvumo ukarudi. "Haya, ubovu uko wapi?" Mpaka leo nikisikia rekodi za Hukwe Zawose, yule mpigaji ilimba maarufu, mwana wa Doduma aliyefia Bagamoyo mwaka 2003, ule mvumo ukianza tu masikio yananiwaka moto.

Lakini hapo najipinga mwenyewe. Dakika na sekunde nilikuwa nazo! Nilitaja hasa mkwaruzo unapozidi. Kumbe hazitoshi, lazima uijue na ala. Ila bila hizo, babu yako angejuaje nalalamikia kitu gani? Basi nabaki pale pale: dakika na sekunde, kisha kamuulize mpigaji kabla hujahukumu.

Na muheme, ile ngoma ya kina mama wa Kigogo, utaufanyaje? Ukienda Chamwino, kina mama wamebana ngoma mapajani, hakuna pa kurudisha nyuma. Rekodi kwa simu, lakini simama mbali kidogo. Simu ikiwa karibu mno na ngoma sauti inapasuka, halafu utailaumu ngoma. Kama baba yako.

Mengine ni ya haraka. Hakikisha mtunzi, mwimbaji, prodyuza na mwaka kabla ya kuandika. Nyimbo za dansi za zamani zilizopakiwa YouTube, baadhi zimebandikwa jina la bendi isiyo yake, na nyingine zilihamishwa kutoka kwenye tepu iliyokuwa ikikimbia, sauti ikapanda, ukadhani mwimbaji alikuwa kijana. Maneno ya wimbo nukuu mistari miwili mitatu tu, umtaje mwenyewe. Nyimbo 6 kwa muhula, maneno 400 kila mmoja, zinakutosha. Ukijipangia 20 utaishia wa nne, nakufahamu.

Ule wimbo ulionitumia nimeusikiliza, mara tatu, kwa hedifoni za mama yako. Ile besi inayoingia dakika ya 1 na sekunde 52 nina la kusema juu yake, na si la kusifu... Hapana. Sisemi mpaka uniandikie ulichosikia wewe. Nyota zake nilishaziandika hapa chini, nimezikata kwa wino. Usiinue karatasi kwenye mwanga.

Baba yako