Modani na Kontemporari: Tofauti ni Ipi?

SWALI: Mhariri, mimi na mume wangu tunakusudia kujenga kwenye kiwanja chetu cha Riat, Kisumu. Msanifu majengo ametuletea michoro miwili, mmoja akiuita wa modani na mwingine wa kontemporari, lakini sisi tunaona yote ni ya kisasa, yenye paa bapa na madirisha makubwa. Tuchague upi?
Msomaji, Kisumu

JIBU: Mna haki ya kutatizika, dada, kwa kuwa neno letu “kisasa” hubeba maana zote mbili. Modani ni jina la kipindi kilichokwisha pita, kilichoanza mapema katika karne ya 20 na kufifia kufikia miaka ya 1970. Wasanifu wake, akiwemo Walter Gropius aliyeanzisha shule ya Bauhaus mjini Weimar, Ujerumani, mwaka wa 1919, waliondoa mapambo na kutaka umbo la jengo litokane na matumizi yake. Kontemporari ni ujenzi wa wakati huu tulio nao: huazima mistari iliyonyooka ya modani, lakini huichanganya kwa uhuru na mawe, mbao na hata mapaa ya mteremko.

Kwenu, jambo zito ni hilo paa. Villa Savoye, nyumba mashuhuri ya modani iliyosanifiwa na Le Corbusier na kukamilika karibu na Paris mwaka wa 1931, ilivuja hata wenyewe wakalalamika mara kwa mara; nayo haikupigwa na mvua za alasiri kama za Kisumu. Huku kwetu, paa linaloonekana bapa mara nyingi ni mabati yaliyofichwa nyuma ya ukuta, na mfereji wake ukiziba majani, maji huishia kwenye dari.

Jua nalo lina hesabu yake. Kwa kuwa Kisumu iko karibu kabisa na ikweta, jua la jioni huingia chini ya upenu na kuchoma ukuta wa magharibi, hivyo madirisha makubwa yaelekezwe kaskazini na kusini, na anayetaka kutazama machweo ajengewe baraza pana upande huo.

Mimi ningechukua mchoro wa kontemporari, kwa sababu unaruhusu paa la mteremko na upenu mrefu bila kuharibu sura ya nyumba. Kabla ya kutia saini, mwombeni msanifu awaonyeshe kwenye mchoro njia ya maji kutoka paani hadi ardhini, na mahali fundi atakapopita kusafisha mifereji.